Nyumba Tunazozijenga Nazo Zinatujenga: Somo la Mji Mkongwe kwa Wajenzi wa Leo

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pale Forodhani iliporomoka huku mafundi wakiwa kazini kuitengeneza. Watu wawili walifariki dunia. Allah awarehemu na awape subira jamaa zao. Wengi walisema siku ile kwamba jengo limeanguka ghafla. Si kweli. Mwaka 2012 kipande cha jengo hilo hilo kilikuwa kimeshaanguka, na uchakavu wake ulionekana na kila mpita njia. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuangalia ufa kwa miaka, na ukuta ukaondoka na roho za watu.

Tangu siku ile maswali kuhusu majengo hayatuishii. Ndugu mmoja anauliza: jirani yangu amepandisha ghorofa, madirisha yake yanatazama uani kwangu ambako mke wangu na binti zangu wanapika na kufua, nina haki gani? Dada mmoja anauliza kuhusu nyumba ya wakfu ya ukoo wao Mji Mkongwe, ambayo msimamizi anataka kuikodisha kwa miaka mingi igeuzwe hoteli. Kamati ya msikiti mmoja wa shamba inauliza kama inafaa kuuvunja msikiti wa mawe wa wazee wao ili wajenge mpya wa vioo, kwa kuwa mfadhili amepatikana.

Ukiyatazama kwa juu, ni maswali matatu mbalimbali. Kwetu sisi mzizi wake ni mmoja. Mwanaadamu hujenga nyumba kwa ada zake, elimu yake na zana alizonazo. Ikishasimama, nyumba nayo humlea yeye na watoto wake kwa miaka mingi. Anayechora ramani anaamua, ajue asijue, jirani atastirika vipi, mgeni atapokewa wapi, mtoto atacheza wapi na joto litamtesa nani. Ndiyo maana jambo hili si la mafundi na wahandisi peke yao.

Nyumba njema si mlango

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni wanaokuja hupiga picha milango ya kuchonga na kuondoka. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie.

Kabla hujafika mlangoni utakuta baraza, kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Baraza ni ya mwenye nyumba, lakini anayekaa ni yeyote: mzee anayesubiri adhana, muuza kahawa, mpita njia aliyekimbia mvua. Mtume (S.A.W) aliwatahadharisha Masahaba kukaa njiani, na walipomwambia kuwa hawana budi, akawaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hadithi hii ipo katika Bukhari na Muslim. Ukiitafakari utaona kuwa baraza ni mahali ambapo haki hizo hufundishwa kila siku bila ubao wala chaki. Sisi tuliokulia katika vichochoro vile tulijifunza kuitikia salamu kabla hatujajifunza kusoma, kwa sababu mtoto aliyepita barazani kimya aliitwa arudi.

Ukishaingia, huioni nyumba. Unaona ukumbi wa wageni, kisha njia inapinda. Aliyesimama uchochoroni mlango ukiwa wazi hawezi kumuona aliye uani. Katika Suratun-Nur Allah ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na Mtume (S.A.W) akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Fundi wa zamani aliifasiri hukumu hiyo kwa mawe. Hodi ilikuwa na mahali pake, na macho yalikuwa na mpaka wake.

Katikati kuna uwanja ulio wazi juu. Hewa ya moto hupanda na kutoka, na upepo wa bahari huvutwa kupitia madirisha ya mbao. Kuta ni nene, nyingi karibu nusu mita, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu yake haipo mjini kabisa: ipo kwenye mikoko. Dari ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti unaoota katika maji ya chumvi. Zana ndiyo iliyochora chumba, na chumba kikaamua watu wakae vipi.

Tusiipambe historia hata hivyo. Fedha nyingi zilizojenga majumba yale zilitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na migongo ya watumwa ilibeba mzigo wa uchumi ule. Ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari waliishi wengine katika nyumba za udongo na makuti. Mkondo umeshafukiwa, lakini majina ya Darajani na Ng'ambo yanatukumbusha kuwa palikuwa na daraja, na kwamba mji uligawika kwa mawe na udongo kama ulivyogawika kwa mali. Majengo husema ukweli hata pale wenyewe wanapotaka kuuficha.

Sultani, lifti na bomba la maji

Wapo wanaodhani kuwa kuupenda Mji Mkongwe ni kuchukia teknolojia. Beit al-Ajaib yenyewe inawajibu. Sayyid Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 kwa nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli na roshani pana pande zake. Baadaye likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Ndiyo maana watu wakaliita la maajabu. Lilijengwa litazamwe kutoka baharini, ili kila nahodha anayeingia bandarini ajue nguvu iko wapi.

Lakini Sultani huyo huyo alileta maji safi mjini kwa mfereji kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Yote mawili yalikuwa ni teknolojia ya kisasa katika zama zake. Lifti ilimpandisha mtawala na wageni wake. Maji yalimfikia mchukuzi, mama mwenye mtoto na mwenye kutaka kutawadha. Tukiulizwa leo kuhusu kila kitu kipya cha ujenzi, hiki ndicho kipimo tunachokitumia: kinamfikia nani, na kinamdhuru nani?

Giza la miezi mitatu

Kipimo hicho tulikipata tena kwa njia ngumu. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na ukakaa karibu mwezi mmoja. Tukasahau. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka mngurumo wa jenereta, foleni za maji kwa kuwa pampu zilisimama, na samaki aliyeharibika katika majokofu.

Sisi wakati ule tulikuwa tunasomesha jioni katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe, kwa kandili. Giza lilitusumbua, lakini joto halikututoa. Jamaa yetu mmoja alikuwa amehamia nyumba mpya nje ya mji, ya matofali ya saruji, paa la bati lisilo na dari ya maana, madirisha makubwa ya vioo yanayofunguka nusu, na kiyoyozi katika kila chumba cha kulala. Nyumba nzuri, mashaallah, na aliitolea jasho lake. Kiyoyozi kiliposimama, watoto wake walilala nje kwenye mikeka kwa wiki nyingi. Nyumba yake ilikuwa imejengwa kwa sharti kwamba waya wa umeme usikatike, na yeye hakuwahi kuambiwa kuwa ametia saini sharti hilo.

Hatusemi saruji ni haramu wala kiyoyozi ni dhambi. Saruji imewapa wanyonge nyumba imara kwa bei wanayoimudu kidogo kidogo, tofali kwa tofali. Tunasema kwamba paa refu, dari, kivuli cha roshani, dirisha la mbao linaloachia upepo na madirisha yanayoelekeana ni elimu iliyopatikana hapa hapa, kwa jua hili na upepo huu wa kaskazi na kusi. Tumeiacha kwa sababu ramani zetu tunazitoa kwenye picha za nchi zisizo na jua hili.

Na mahali pengine saruji inadhuru kweli. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, unapumua. Mwenye nyumba wa leo, kwa nia njema, huupiga plasta ya saruji ili uwe mgumu. Saruji huufungia unyevu ndani. Chumvi hukusanyika, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza polepole bila kuonekana, na juu ya paa linalovuja limewekwa tangi la maji. Siku dari inapoanguka tunasema ni kadari ya Allah. Kadari ni kweli, na kuchukua sababu pia ni amri yake.

Baraza lililoshuka ngazi

Baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mzee Karume ilitaka kuufuta ule mgawanyiko wa mawe na udongo. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakajengwa majumba ya ghorofa Kikwajuni, Kilimani, na yale kumi makubwa ya Michenzani, marefu kama mtaa mzima, yakikutana kwenye njia panda ya barabara pana. Lilikuwa jambo la heshima: mtu aliyezaliwa kwenye kibanda cha makuti anapewa funguo za nyumba yenye choo cha ndani, jiko na umeme. Asiyeona ukubwa wa hilo hajawahi kuishi chini ya makuti yanayovuja.

Lakini mchoraji alitoka nchi ya baridi, na ndani ya mchoro wake hamkuwa na baraza wala ua. Mama aliyezoea kutwanga, kuanika na kulea watoto uani pamoja na majirani alijikuta ghorofa ya nne mbele ya mlango uliofungwa. Maji yasipopanda, yeye alipanda nayo kichwani.

Watu walifanyaje? Waliliteremsha baraza. Chini ya majumba pakazuka maskani, meza za bao na karata, birika la kahawa, biashara ndogo za akina mama. Kamba za nguo zikaanikwa pasipokusudiwa. Jengo lilitaka kuwabadilisha watu, na watu nao wakalibadilisha jengo kiasi walichoweza. Somo hapa ni kwa wapangaji wa miji: ukiondoa baraza kwenye ramani, hukuondoa haja ya watu kukutana. Unaisukuma tu njiani, kwenye ngazi na mbele ya maduka, mahali ambapo hakuna mzee wa kumrudisha mtoto aliyepita bila salamu.

Macho ya jirani

Turudi kwa ndugu yetu mwenye ua unaotazamwa. Imesimuliwa kuwa huko Misri, katika zama za Sayyidna Umar (R.A), Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha juu. Khabari zilipomfikia Umar, hukumu yake haikusimama juu ya urefu wa jengo. Aliagiza kiwekwe kitanda na mtu asimame juu yake: akiweza kutazama kwa majirani, jengo lizuiwe, asipoweza, liachwe. Kipimo kilikuwa ni jicho la jirani.

Wanazuoni waliandika vitabu vizima kuhusu mambo haya. Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi wa Tunis katika karne ya nane Hijria, alikusanya hukumu za kuta, madirisha, moshi na mifereji. Kabla yake, mwanachuoni wa Kiibadhi Abul-Abbas al-Farasta'i, aliyefariki mwaka 504 Hijria, aliandika kuhusu ugawaji wa ardhi na haki za majirani katika ujenzi. Huo ni wakati ule ule ambao msikiti wa Kizimkazi, hapa kwetu, ulichongwa tarehe yake katika jiwe: mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Umma huu haukujenga kwa kubahatisha.

Kuhusu dirisha lenyewe wamekhitalifiana. Wengi katika Malik na Hanbali humzuia mwenye nyumba kufungua dirisha linalomfichua jirani. Mashafii, ambao ndio wengi wetu hapa, wamempa mwenye mali wigo mpana zaidi ndani ya mali yake. Lakini hakuna anayeruhusu kuchungulia, na wote wanaisoma hadithi ya kukataza kudhuru na kudhuriana. Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu huyu ni hili: anza kwa jirani yako, kwa upole na mbele ya mzee mnayemheshimu. Mwombe ainue kizingiti cha dirisha juu ya kimo cha mtu, au aweke luva za mbao zinazoingiza upepo na kuzuia macho. Gharama yake ni ndogo kuliko uadui wa miaka 30. Ikishindikana, wapo masheha na wapo wenye kutoa vibali vya ujenzi, na ni haki yako kuwaendea. Nao tunawakumbusha kuwa kibali kisichouliza dirisha linatazama wapi hakijakamilika.

Wakfu na nyumba zisizo na watu

Swali la dada yetu ni zito zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua nani ataishi Mji Mkongwe kesho. Nyumba nyingi za mji ule ziliwekwa wakfu na wazee, wanaume kwa wanawake, kwa ajili ya misikiti, jamaa, mafakiri na wasafiri. Chuo tulichosomea Juzuu Amma kilikuwa katika nyumba ya aina hiyo, na kodi ya chumba cha juu ndiyo iliyonunua mafuta ya taa na mikeka. Leo pale panauzwa vinyago. Hatumlaumu muuza vinyago. Tunajiuliza tulikuwa wapi.

Fiqhi ina kanuni iliyo wazi: pato la wakfu huanza kutumika kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wanufaika wagawane kinachobaki. Msimamizi anayegawa kodi huku paa linavuja amekula mtaji wa marehemu. Kanuni hii ingefuatwa, nyufa nyingi zingezibwa kwa ndoo chache za chokaa. Ama kukodisha kwa muda mrefu, mafakihi wengi waliuogopa, na wengine wakaweka mpaka wa mwaka mmoja kwa nyumba, kwa khofu kwamba mpangaji akikaa sana watu watasahau kuwa mali ile ni wakfu. Pale ambapo nyumba inakaribia kuanguka na hakuna fedha, wapo walioruhusu muda mrefu kwa dharura, kwa kodi ya haki, maandishi na mashahidi, na sharti aliloliweka muwekaji wakfu lisivunjwe.

Basi dada yetu aulize mambo matatu kabla ya jina la mwekezaji: sharti la muwekaji wakfu linasemaje, kodi inalingana na ya soko, na mkataba unamlazimisha nani kutengeneza. Na sisi sote tuulize la nne. Mtaa ukishakuwa hoteli tupu, msikiti wake utasaliwa na nani? Nyumba zitakuwa zimepakwa rangi, milango inang'aa, na barazani hakuna anayeitikia salamu. Hapo tutakuwa tumehifadhi mawe na kuwatoa watu.

Tufanye nini?

Kamati ya msikiti tunaijibu hivi: msikiti wa Mtume (S.A.W) ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za mitende na makuti, na Sayyidna Uthman (R.A) aliujenga upya kwa mawe na plasta watu walipozidi. Kupanua kwa haja kunajuzu. Kufakharishana kwa misikiti ndiko kulikotahadharishwa. Kama msikiti wenu unatosha na kuta zake ni nzima, mwombeni mfadhili atengeneze paa, vyoo na visima, na awalipie vijana wawili wakajifunze kazi ya chokaa kwa fundi mzee angali hai. Kama hautoshi, ongezeni pembeni na muiache mihrabu ya wazee wenu. Msikiti wa vioo utawadai kiyoyozi kila mwezi, na mfadhili hatakuwepo bili itakapofika.

Mwenye kujenga nyumba, kabla hujamwaga msingi, simama uwanjani adhuhuri ujue jua linapiga wapi na upepo unatoka wapi. Kisha nenda kwa jirani, umuulize ua wake uko upande gani. Vijana wetu wanaosoma uhandisi, pimeni nyumba za wazee wenu kama mnavyopima nguzo za zege. Humo mna hesabu ambayo vitabu vyenu havikuitaja. Na wenye mamlaka, ufa unaoonekana leo uandikwe leo.

Nasi tunajikumbusha kwanza nafsi zetu: kila tutakachokijenga watakirithi watu ambao hawakuulizwa. Watakaa humo, watasalimiana au hawatasalimiana, watastirika au watafichuka, kwa sababu ya mstari tuliouchora sisi.

Tunamuomba Allah azijaalie nyumba zetu ziwe za stara na utulivu, atupe majirani wema na atujaalie tuwe majirani wema, na atuepushe na kujenga kwa fakhari na kubomoa kwa ghafla. Amin.

Wallahu a'alam.